Upande wa Nyuma wa Shuka

Sinema iliingia Namasagali ndani ya behewa la pamba:
masanduku mawili, na jenereta lililokohoa kama mvuta kiko.
Shuka waliliazima hospitali. Lilikuwa na doa la iodini
pembeni, chini, na kila aliyepita pale
alipita amejeruhiwa.

Wenye mishahara walikaa mbele, kwenye mabenchi:
makarani, mafundi wa meli, na babu yangu Balyeku,
mshika bendera wa reli, viatu mapajani visiibwe.
Wanawake wa jineri na watoto wakapewa nyuma ya shuka.
Mwanga hupenya, waliambiwa. Picha ni ile ile.

Si ile ile.

Mbele, kinyozi alishika wembe kwa mkono wa kulia.
Nyuma, Tezira Namukose, miaka kumi, nyuzi za pamba kichwani,
aliona kinyozi wa mashoto. Akaona mabwana wakubwa
wakivuliana kofia, wakipeana mikono ya kushoto,
wakila kwa kushoto bila haya.
"Kumbe hawakufunzwa," alisema mama mmoja,
na wote wakawahurumia.

Filamu ilikuwa bubu. Mkalimani Kirunda ndiye aliyekuwa na mdomo,
na mdomo wake ulielekea mabenchi.
Nyuma walijitungia maneno:
yule mwenye sharubu anadaiwa; yule mwanamke si mkewe.
Walicheka kabla ya wa mbele, na mahali pasipochekesha.

Kisha picha ikakatika. Maandishi yakasimama peke yake, meupe,
muda wa mtu kufunga mzigo.
Namukose hakuwahi kuona herufi kubwa namna ile.
Akazichora mchangani kwa kidole, zote, kama zilivyomjia.

Walioana, hawa wawili, wakabishania mkono wa kinyozi
miaka arobaini na mmoja. Kulia! Kushoto!
Chakula kilipoa. Sisi wajukuu tuligawanyika.

Leo nimekipata cheti chao cha ndoa.
Babu kaweka dole gumba.
Bibi kaandika jina, kaanzia kulia, kaishia kushoto;
T na I na A zimesalimika, hizo hazina upande,
lakini E na Z na R zimempa msomaji kisogo.
Chini yake kasisi, kwa wino wa hasira: *hajui kuandika.*

Nakipeleka dirishani. Nakigeuza.
Jua la saa nne linapenya karatasi.

TEZIRA.
Hakuna kosa hata moja, kasisi.