Mstari wa Njano

Zamani idhini ilikuwa na miguu.
Nikitia flashi kwenye kopo la biskuti,
dereva akiipeleka Mabela, akirudi na kopo,
na flashi, na halwa kidogo, na karatasi:
"Shangazi wa bwana harusi asionekane anatafuna."
Kesho yake karatasi ya pili, ya shangazi mwenyewe:
"Nani kasema nitolewe?"

Halafu ikaja wasap. Sauti juu ya sauti,
hii ya dakika nne, hii ya sekunde mbili, "Hapana,"
bila ya kusema hapana nini.
Nikawa naishika simu kama anayeshika mzinga.

Ndipo Bijesh, fundi wetu wa Kerala,
alipokaa siku tatu studioni Al-Khoudh,
kiyoyozi kikimpuliza kisogo,
akiziunga programu zisizojuana
kama anayeunga ukoo:
kamera humwaga picha ndani ya folda,
folda huligutusha jedwali,
jedwali huniita miye kwanza,
maana ukumbi wa wanawake huhakikiwa na mwanamke.
Kichwa wazi, tia alama. Kifua, tia alama.
Mtoto wa watu anacheza, kasahau kama yuko duniani;
hiyo huniuma, lakini tia alama.
Nikimaliza, kiungo humrukia mama wa bibi harusi
naye ana vitufe viwili tu, kijani na chekundu.
Akibonyeza kijani, penye alama pote hukatika,
mstari wake hugeuka kijani, risiti hujiandika,
kiungo hufa.

Tulikwama pamoja: asiyejibu je?
"Tumpe siku mbili," nikasema.
"Halafu?"
Nikacheka. Nikamwambia, kwetu sisi mwali akiulizwa
akanyamaza, kimya chake ndiyo ridhaa.
Bijesh akaiandika sheria.
Harusi arubaini na moja zikapita humo,
nami nikaanza kulala saa nne kama watu wengine.

Kisha Bi Zuweina.
Harusi ya binti yake Raufa, aliyeolewa Doha.
Siku ya kwanza, kimya. Nikafungua kumbukumbu za mfumo,
kwa udaku tu, sisemi uongo.
Keshaifungua mara kumi na tisa.
Saa tisa usiku. Saa kumi. Kabla ya adhana, baada ya adhana.
Kila mara anaanzia dakika ya kumi na mbili na sekunde nane,
kila mara anaisimamisha kwenye ishirini.

Nikaenda kutazama kuna nini.
Hamna kitu. Taa imezidi,
mtu anapita na chetezo, moshi unaziba nusu ya picha,
na Raufa kwenye kiti chake, kichwa wazi,
anamtafuta mtu kwa macho, anampata,
anauinua mguu chini ya gauni: kiatu kinabana.
Basi.
Sekunde kumi na mbili, na chini yake alama yangu nyekundu.

Jioni ile mfumo ulibakiza saa tatu
uhesabu kimya chake kuwa ndiyo.
Nikaingia kwenye sheria, nikaandika jina lake, nikamtoa.
Kimya cha mwali nilifundishwa maana yake.
Cha mama hakuna aliyewahi kunifundisha.

Alama nayo nimeifuta. Nikamtumia ujumbe:
"Hapo hapakatwi, Bi Zuweina, nakala ni yako peke yako."
Ameusoma. Hajabonyeza.

Sasa mwezi wa pili huu. Jedwali zima kijani
kama milima ya Salalah wakati wa khareefu,
na katikati yake mstari mmoja wa njano.
Bijesh ananiuliza, kwa Kiarabu chake cha kuokoteza,
hii hitilafu? Airekebishe?

Nimemwambia aiwache.
Huyo bado anaangalia.