Havioani

Miezi kumi na nne nilidurufu vyeti vya watu,
barua za kuomba kazi, hati za viwanja vya Iyumbu,
shilingi mia kwa karatasi,
na kila jioni noti moja ikaingia kwenye kopo la maziwa.
Machi nikaagiza prosesa kutoka Kariakoo.
Ilikuja kwa treni, imefungwa kwa gazeti la michezo,
ndogo kama biskuti, ghali kama mbuzi wawili wa Kongwa.

Bodi nilikuwa nayo tayari. Niliinunua kwa mtu wa Area C
aliyehamishiwa Katavi na hakutaka mizigo.

Fundi Chilongani akavaa miwani, akaviweka ubavu kwa ubavu
juu ya taulo. Hakuvigusanisha.
"Hii ina miguu," akasema. "Na soketi hii nayo ina miguu.
Nani atamkalia nani?"
Halafu akalitamka lile neno, taratibu,
kama mshenga aliyerudishwa mlangoni:
"Havioani."

Nilicheka. Nyumbani sikucheka.
Nyumbani neno hilo lilikuwa na mwenyewe.
Tangu wale wageni wa Mpwapwa waache kupiga simu,
dada yangu Sechelela hukunja kitenge kilekile,
hukikunjua, hukikunja.

Basi nikaanza upya, na daftari.
Nikajifunza kuuliza kama mama wa bwana harusi:
wewe ni wa ukoo gani, kizazi cha nne au cha tano?
Maana ramu nayo ina pengo, kama la jino lililong'oka,
na ya kizazi cha tano haikai kwenye kiti cha ya nne
hata usukume mpaka kidole kiwe cheupe.
Kadi ya picha inakula wati ngapi?
Pawa saplai inabeba ngapi, kwa kweli,
si zile zilizoandikwa kwenye stika?
Kasha lina urefu gani kwa ndani? Nilipima kwa rula ya shule.
Nikasahau unene wa feni za mbele.
Sentimita mbili. Mwaluko wa kuchomelea, pale Majengo,
akakata kizimba cha diski kwa msumeno wa chuma,
akanidai soda, akauliza kama hilo ni banda la njiwa.

Pesa ziliishia kabla ya pawa saplai.
Sechelela akavunja kibubu chake bila kuniangalia.
"Chukua. Kitanda sinunui tena."
Nilichukua. Sikujua namna ya kushukuru kitu kama hicho,
nikamwambia itakuwa ya wati mia sita na hamsini.

Julai, upepo ukipuliza vumbi jekundu
hadi ndani ya sukari,
tulizivisha feni soksi zake ndefu za shule.
Tulikaza skrubu kwenye meza ya chakula, usiku,
mama akilalamikia LUKU.
Nikabonyeza. Feni zikazunguka, taa ya kijani ikawaka,
skrini ikabaki nyeusi.
Nusu saa nzima, nyeusi.
Nikachomoa ramu, nikairudisha. Nikaomba.
Ni yeye aliyeuliza, kitana kikiwa kimechomekwa kichwani:
"Huu waya mbona umeuchomeka kwenye bodi?
Na kadi tumeinunua ya nini?"

Tukacheza mpira hadi saa tisa usiku. Alinifunga manne,
akashangilia kimyakimya, ngumi hewani, mama asiamke.

Ile prosesa ya kwanza ipo bado, kwenye kopo la maziwa,
imelala juu ya pamba.
Juzi Sechelela aliitoa, akaiweka kiganjani.
"Iliharibika?"
"Hapana. Nzima kabisa. Ni ile bodi tu."
Akaipuliza vumbi, ingawa haikuwa na vumbi,
akahesabu miguu yake mpaka akachoka,
akafunika kopo. Hakubana sana.