Mlolongo

Mimi kazi yangu ni ufito.
Nauzamisha tangini, nautoa, nasoma pale ulipolowa,
naandika.
Miaka kumi na tisa, yadi ya Lunga Lunga,
na dizeli haikutoka kuchani hata siku ya harusi yangu.

Jumanne wakaleta malori matatu
yaliyofundishwa kufuatana.
La mbele analo Muthoka, mikono kwenye usukani kama zamani.
La pili na la tatu, madereva wameikalia mikono yao:
redio ndiyo inayokanyaga mafuta, redio ndiyo inayoshika breki,
mita kumi na mbili kati ya mkia na pua.

Injinia Wairegi alinichorea kwa kidole
kwenye vumbi la mlango wa lori:
Upepo si wa bure, Kerubo.
Wa mbele anaupasua kwa kifua,
wa nyuma anapenya tundu kabla halijaziba,
na hata wa mbele hupata chake, kidogo,
maana aliye nyuma huuziba ule utupu
usimvute shati.
Kwenye kiwanja chao cha majaribio, lami kama sahani,
waliokoa lita kumi katika kila mia.

Nikamwambia, mbio za sakafuni huishia ukingoni.
Akacheka. Hakuandika.

Saa tano usiku yakatoka.
Nilipanda na Muthoka, ufito wangu katikati ya magoti.
Hadi Bellevue yalikuwa matatu, kitu kimoja,
pumzi moja ndefu ya chuma.
Halafu proboksi ya miraa
ikaona mita kumi na mbili, ikadhani imewekewa.
Nairobi nafasi haikai wazi.
La pili likashtuka, likaachia mita hamsini,
proboksi ikachomoka, lori likakimbia kufidia,
na kule kukimbia kufidia
ndiko kunakokunywa.

Tukafika Mlolongo,
mji uliopewa jina na foleni ya malori,
tukageuza.
Baipasi ya Kusini, kando ya ua wa mbuga,
fisi akasimama kwenye lami akitutazama
kama askari aliyesahau alichotaka kuuliza.
Breki tatu kwa mpigo.
Fisi akaenda zake. Mwendo wetu wote
uliishia kwenye moto wa breki.

Kisha mlima wa kwenda Kikuyu.
Mlimani upepo hauna maneno,
mlimani ni uzito na maombi.
La tatu, lililobeba saruji, likabaki nyuma
likikohoa peke yake gizani,
na redio ikiliita, ikiliita.

Saa tisa alfajiri nikazamisha ufito.
La mbele, lita moja na kitu katika mia.
La kati, tano.
La mwisho, nne, kwa shida.
Wairegi akavua miwani, akaketi juu ya tairi.
Si kumi, akasema.

Si kumi.
Lakini mimi nne naijua.
Nne ndiyo iliyokuwa ikishuka kwenye mtungi wa njano
kila Simiyu alipopita Emali,
nne ndiyo iliyomlipia Nekesa karo
muhula wa pili, na wa tatu,
na koti la mvua.
Ufito ulijua. Mimi nilijua.
Kwenye safu ya maelezo niliandika: mvuke.

Sasa Simiyu amesimama kando ya lori la tatu,
mikono ambayo haikufanya kazi usiku kucha
ameitia mifukoni.
Redio haina mtoto shuleni.

Muthoka akashuka, shingo imekakamaa,
akatema mate, akauliza:
Kesho nani mbele?
Na huyu wa mbele, anayekula upepo wote
na kuokoa kidogo kuliko wenzake,
kifua chake mnakiandika wapi?

Wairegi alikuwa akihesabu.
Nikafungua daftari: tarehe, namba tatu, lita.
Nilipofika safu ya maelezo
mkono, kwa mazoea,
ulikuwa umeshaandika m, v, u.