Chenga za Ngano

Mezani kwa Merle Stroud, kule Missouri,
tunasokota karatasi mpaka usiku mkuu.
Kipimo kimoja cha baruti nyeusi,
na pahali pa risasi, chenga za ngano
ambazo Opal alikuwa azipikie uji.
Ndizo chenga tunazompiga mauti.

Bastola ya babu wa babu yake ina matundu sita.
Atajaza matano; la sita, chini ya nyundo,
huachwa tupu, kama kiti cha asiyekuja.
Fataki za shaba mfuko wa kulia, baruti wa kushoto:
wake wenza hawa, hawalali chumba kimoja.

Kesho saa nane mchana ataniua, karibu na uzio.
Yeye buluu, mimi kijivu
(mwaka jana kinyume, suruali ikambana).
Atalenga juu ya kofia yangu, kando kidogo.
Ngano itanigonga shingoni, ya moto,
nami nitalala kwenye nyasi nikijikuna,
nikimfikiria kijana wa Agosti ile.
Aliyemlenga pengine alikuwa shemeji yake pia,
ila hakuweka ngano.

Opal anatikisa pakiti tupu jikoni:
asubuhi mtakunywa nini?