Utelezi

Bamia za Kiboriloni, fungu la mia tano,
nimezikata vipetevipete, nikazitia maji ya moto
hadi utelezi ukavutika kama mate ya ndama.
Nikachuja kwa kipande cha kanga;
chujio la maabara lilitoboka tangu Machi.

Kisha spiriti, tone kwa tone.
Maji yakafanya mawingu,
nyuzi nyeupe zikapanda, nikazizungusha kijitini
kama mtu anayeokoa sweta lililofumuka.

Hii nayo ni sukari, mama,
sukari iliyoshikana mikono kwa maelfu,
ndefu hata utumbo haujui pa kuifungulia.
Kwenye kila mkono napachika salfa kidogo,
nione kama itaikamata ile nyingine
inayokula kidole chako cha mguu.

Mashine ya kukaushia imezima. Umeme, tena.
Pasua nzima giza.

Jana ulinipigia: "Anasia, hivi unalipwa kupika mlenda?"
Ukacheka mpaka simu ikakatika.
Nalipwa, mama, ingawa mshahara umechelewa.
Na unga wenyewe, baada ya siku tisa,
haujazi kijiko cha chai.
Nimeupima mara mbili.