Ng'ombe wa Kumi na Mbili

Studio yangu ni chumba cha nyuma, Isevya.
Ukutani nimegandika trei za mayai
na blanketi lililobaki msibani kwa shangazi.
Kinanda kina kibonye kimoja kisichoamka,
cheusi, upande wa besi. Vidole vimejifunza kukiruka
kama wenye nyumba wanavyoruka ngazi mbovu gizani.

Nyanzala alikuja na karatasi ya chuo, Bagamoyo:
nyimbo mbili za jukwaani, kila moja dakika moja na nusu,
muziki uwe umerekodiwa,
usiwe na sauti ya mtu.
Mstari huo niliusoma mara mbili.
Miaka tisa kazi yangu ni kuwabeba wasioshika sauti,
wanakwaya, mabibi harusi, diwani mmoja;
nawawekea filimbi inayotangulia kila neno
na wao wanaifuata kama kondoo.
Huyu hataki filimbi.

Tulianza saa nne usiku, seremala wa jirani akiwa kalaza randa.
Saa tano na robo treni ya Mpanda ikapiga honi
katikati ya ubeti wa pili. Tukafuta.
Mbwa wa kwa Misigalo akajibu honi. Tukafuta.
Umeme ukafuta wenyewe.

Wimbo wa pili ni wa mwanamke anayerudisha mahari.
Amesimama uani kwa wakwe, anawahesabu ng'ombe
kwa rangi, kwa pembe, kwa kovu la paja,
na akifika wa kumi na mbili, ananyamaza.
Pale mimi nilijaza ngoma.
Kimya kinanitisha; harusini maana yake fundi kasinzia.

"Ondoa," akasema.
Nikaondoa ngoma, nikaacha besi.
"Ondoa na hiyo."
"Utaingiaje sasa? Mashine haina macho,
haikuoni kifua kikipanda."
"Ng'ombe wa kumi na mbili alikufa," akasema.
"Hapo ndipo alipo."

Nikakata mapigo manne ya hewa tupu.
Ongeza. Sita.
Ongeza.
Tukaishia nane, mimi jasho linanitoka
kwa kazi ya kutopiga chochote.

Kwenye flashi nikamwekea mafaili matatu:
Nyanzala.
Nyanzala, kii moja chini.
Nyanzala ukiamka na mafua.
Akalipa elfu kumi na tano na nusu lita ya asali;
salio nilisahau kulidai, au nilijisahaulisha.

Alhamisi naunga nyaya, ujumbe ukaingia:
"Nimetumia lile la mafua.
Pale pa ng'ombe walidhani muziki umekwisha.
Mwenye miwani akafunika kalamu, akasema asante binti.
Nikamtazama tu. Sita. Saba. Nane.
Nikaingia."

Hakuandika walifanya nini baada ya hapo.
Majibu ni wiki sita.

Leo nina bwana harusi wa Kachoma,
anataka jina lake litajwe mara ishirini kwenye wimbo,
amelipa zote, taslimu.
Nimemwekea kumi na tisa.
Ya ishirini nimeiacha wazi, mapigo mawili tu,
nione ukumbini
nani ataingia.