Kikulacho Karatasi

Nje ni digrii thelathini na moja chini ya sufuri.
Nimetandika shuka jeupe mezani,
nimevua pete, nimenawa mikono mara mbili,
na kwenye kioo cha dirisha barafu imechora
majani ambayo hayajawahi kuota Saskatchewan.

Albamu ya mama ni ya mwaka sabini na nne,
ile aina ya kurasa za gundi na ngozi ya plastiki.
Aliinunua kwa bei ya punguzo duka la Wasylyk,
akaisifu hadi majirani nao wakanunua zao.
"Hii haitaki vipembe, haitaki uji wa unga,
unabandika tu, basi, inashika milele."
Imeshika kweli, Mama.
Imeshika kama kupe.

Uzi wa kusafishia meno, usio na mnanaa,
ndio msumeno wangu.
Naupitisha chini ya picha, kulia, kushoto, polepole,
pumzi nimeibana kama anayemtua mtoto aliyelala.
Shangazi Yevdokia ametoka mzima.
Ng'ombe wa maonyesho ametoka, na utepe wake.
Mjomba Metro amebaki na nusu ya kofia.

Kisha ile kalamu.
Dukani waliniambia: chora mstari mdogo pembeni,
ukigeuka zambarau, karatasi ni salama;
ukibaki njano, ina tindikali,
inajila yenyewe taratibu.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Cha karatasi hakikuhitaji hata nguo,
kimo katika nyuzi zake tangu kiwandani.

Nikachora.
Kadi ya ubatizo, njano.
Tiketi ya treni ya Winnipeg, njano.
Pakiti ya mbegu za alizeti, tupu, sijui aliitunzia nini,
njano.
Barua aliyoniandikia nilipoolewa, ya kupika borshchi,
yenye doa la bitiruti kama muhuri wa serikali:
"Siki mwishoni, Orysia. Mwishoni, si mwanzoni."
Njano kabla hata wino haujakauka.

Ukurasa wa kumi na tisa ulinichelewesha siku mbili.
Kushoto, kipande cha gazeti:
ghala la nafaka limeungua, Oktoba, amekufa mtu mmoja.
Danylo wamemwandika Daniel,
na umri wamemwongezea mwaka ambao hakuupata.
Kulia, yeye mwenyewe, harusini kwa binamu yetu,
anacheza, mguu mmoja hewani, kinywa wazi kwa kicheko.
Miaka yote hii wamelala uso kwa uso,
na gazeti limemwachia alama kifuani,
mraba wa kahawia, kingo zimenyooka kama rula,
habari ya kifo chake
imepigwa chapa juu ya shati lake la tarizi.

Larysa, binti yangu, akasema kwenye simu:
"Toa nakala kwenye karatasi nzuri,
lenyewe litupe. Lina sumu."

Nimetoa nakala. Ni safi. Haina harufu.
Haina tundu pale penye jina,
pale mama alipoisugua ile "Daniel" kwa kifutio
mpaka karatasi ikatoboka.

Basi Danylo nimemweka kwa vipembe vinne
juu ya ukurasa uliogeuka zambarau.
Nyuma nimeandika jina lake kwa penseli, herufi zote,
na umri: kumi na tisa.
Ule mraba wa kahawia hautoki. Sijajaribu kuutoa.
Gazeti nimelitia bahasha yake peke yake,
droo nyingine, mbali na wenzake,
kama mgonjwa wa kifua anayependwa.
Na limong'onyoke huko kwa saa yake,
litakapokuwa unga, litakuwa unga wenye tundu.

Jioni nilichemsha bitiruti.
Siki nilitia mwishoni.